Mwongozo kamili: kupata tempo, ufunguo na hisia za rekodi ya muziki wa chemba kwa masikio yako

Ujumbe ninaoupokea ni uleule, anabadilika mtumaji tu. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, amepakua kwateti ya nyuzi (fidla mbili, viola na sello), programu ya simu ya kuchambua muziki ikamwambia: tempo, yaani mapigo kwa dakika, 144, ufunguo F, hisia furaha. Akakaa kwenye kinanda cha parokia apige pamoja nayo, haikukubali hata kidogo. Mwenzake wa Kampemba aliiweka rekodi hiyohiyo kwenye video ya kilio cha babu yake, mashangazi wakamuuliza kama anaoa. Wa tatu alijaribu programu tatu, akapata majibu matatu, akataka nimwambie ipi inasema kweli.

Mara nyingi hakuna. Programu hizi zinafanya vizuri zaidi kwenye muziki wenye ngoma, ambamo kila pigo linagonga kama nyundo. Muziki wa chemba ni wa wachezaji wachache, kila mmoja na sauti yake, na ngoma hamna. Upinde wa fidla huingia kwenye sauti taratibu, kwa hiyo mashine haioni pigo lilipoanzia. Halafu inachukua faili zima la karibu nusu saa na kulipa namba moja. Ni kama kumpa mgeni wastani wa joto la Lubumbashi kwa mwaka mzima, naye akashuka hapa asubuhi ya mwezi wa sita bila koti.

Nitatumia kipande kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kwateti ya nyuzi namba 12 ya Antonín Dvořák, opus 96, aliyoitunga mwaka 1893 akiwa Spillville, Iowa, nchini Marekani. Wengi huiita "American". Nimeichagua kwa sababu mitego karibu yote inayowaangusha wasomaji wangu imo humo.

## Vitu vya kuandaa

Rekodi iliyopakuliwa. Utaisikiliza mara ishirini au zaidi. Nunua mega mara moja, ihifadhi kwenye simu, usikilize hata mtandao ukiwa umelala. Afadhali kila sehemu iwe na faili lake.

Spika za masikioni. Hili silijadili. Noti ya chini kabisa ya sello ina mitetemo kama 65 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Ukisikiliza kwa spika ya simu unamkosa sello, na bila sello hatua ya 4 itakushinda.

Kinanda, gitaa au programu ya kinanda. Chochote kinachotoa noti unayoijua jina.

Programu ya kulinganishia nyuzi za gitaa, metronomu (inayogonga pigo kwa kasi unayoichagua) na saa ya kuanzisha na kusimamisha. Vyote vinapatikana bure kwenye simu.

Daftari na biki. Usiandike kwenye simu, maana simu ndiyo inayopiga muziki na ndiyo inayopima muda.

Nota za kipande, yaani karatasi yake ya muziki. Si lazima. Dvořák alifariki mwaka 1904, kwa hiyo nota zake zinapakuliwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Ukizipata, zifunge mpaka hatua ya 8. Anayeanza na nota husikia alichokisoma.

## Kabla ya yote: unasema do ipi?

Nusu ya makosa ninayoletewa yanazaliwa hapa, kabla muziki haujaanza kulia.

Mjini kwetu kuna do mbili. Aliyefundishwa kwa njia ya Kifaransa ana do inayokaa: do ni noti moja tu kwenye kinanda, popote wimbo uendapo. Aliyekulia kwenye kwaya inayosoma d, r, m, f ana do inayohama: do ni nyumba ya wimbo, na juu ya karatasi imeandikwa leo nyumba hiyo iko wapi. Wote wawili wako sahihi. Wakikaa kwenye kinanda kimoja, watagombana.

Programu nazo huleta herufi za Kiingereza. Zinasomwa hivi: C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol, A ni la, B ni si. Nimeshaona mtu akichukua A kuwa do, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza. Kwenye majalada ya Kijerumani angalia zaidi: huko H ni si, na B ni si bemoli.

Katika mwongozo huu do inakaa. Nikisema "fa meja" nina maana kwamba nyumba ya kipande ni fa. Dieze ni ile ambayo wengine huiita shapu, bemoli ni flati. Na ninaposema ufunguo sisemi ile alama iliyopindapinda mwanzoni mwa mistari. Nasema noti ambayo muziki unaiona kuwa nyumbani.

Onyo. Kinanda cha kanisani kina kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha noti zote kwa pamoja, na mpigaji wa Jumapili aliyezoea kupiga kila wimbo kwa do hukiacha kimepandishwa. Wewe unabonyeza do, kinatoa re. Kabla ya kuanza, bonyeza la iliyo juu ya do ya katikati ukiwa na programu ya kulinganishia nyuzi. Ikisoma la, karibu na mitetemo 440, endelea. Ikisoma kitu kingine, rudisha transpozi kwenye sufuri.

## Hatua ya 1: Tenganisha sehemu

Kwateti ya Dvořák ina sehemu nne. Ya kwanza imeandikwa Allegro ma non troppo, ya pili Lento (polepole), ya tatu Molto vivace, ya nne Vivace ma non troppo. Hizo ni tempo nne, na si lazima ufunguo uwe mmoja. Kuuliza "tempo ya kwateti ni ngapi" ni kuuliza umri wa familia.

Fungua ukurasa wa daftari kwa kila sehemu. Kama rekodi yako ni faili moja refu, tafuta vimya vya sekunde chache kati ya sehemu, uandike dakika na sekunde ambapo kila moja inaanza.

Umefaulu ukiwa na: kurasa nne, kila moja na muda wa kuanza na wa kumaliza.

## Hatua ya 2: Tafuta pigo kwa miguu

Simama, anzisha sehemu ya kwanza, utembee chumbani. Usihesabu bado. Mwili una aibu ya kuchagua mwendo wa kipuuzi: ukijikuta unakimbia kama unawahi basi, umekamata nusu ya pigo, ukijikuta unanyata kama mwizi, umekamata mapigo mawili kwa pamoja.

Huu ndio mtego wa 55, 110 na 220. Programu tatu zikikupa namba ambazo kila moja ni mara mbili ya mwenzake, hazijapingana. Zimesikia pigo lilelile, zikalikata tofauti.

Lento ina mtego mwingine. Imeandikwa sita kwa nane: hesabu ndogo zinakwenda tatutatu, kama ngoma nyingi za vijijini zinavyozunguka. Unaweza kuhesabu ndogo zote sita, au kubwa mbili tu. Ukipata, tuseme, 108 kwa hesabu ndogo, basi kwa kubwa ni 36. Mtu mmoja ataandika kasi, mwingine atalala. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Andika na kile ulichokihesabu.

Umefaulu ukiweza: kuzima sauti kwa sekunde tano huku unatembea, kuiwasha, na kukuta mguu wako bado uko pamoja na wachezaji.

## Hatua ya 3: Pima tempo mahali patatu

Chagua mahali ambapo mwendo umetulia. Bonyeza saa kwenye pigo moja na sema "sufuri". Pigo linalofuata ndilo "moja". Ukifika 32, simamisha.

Kanuni ni hii: mapigo mara 60, gawa kwa sekunde. Mapigo 32 kwa sekunde 17.5 ni kama 110 kwa dakika.

Kwa nini sufuri? Kwa sababu unapima nafasi kati ya mapigo, si mapigo yenyewe. Ukianza na "moja" umepima nafasi 31 ukidhani ni 32, na 110 yako inakuwa 113. Ni kidogo, lakini kinanda kitakachopiga pamoja na rekodi kitakuwa nje kabla ya mistari miwili ya wimbo kuisha.

Rudia mahali patatu: mwanzoni, pale wimbo wa pili unapoingia, na karibu na mwisho. Wachezaji wa chemba hawana mwongozaji mwenye fimbo. Wanapumua pamoja, wanavuta hapa, wanaachia pale. Andika kama anga, yaani kutoka namba ya chini hadi ya juu: "104 hadi 114, hupungua wimbo wa pili unapoingia". Hiyo ni habari. "109.3" ni mapambo.

Sasa jaribu kwa metronomu. Iweke kwenye namba ya katikati na usikilize mistari minane. Rekodi ikitangulia kidogo kisha ikarudi, hayo ni mavuto ya wachezaji, waache. Ikiteleza upande mmoja tu na kuzidi kuachana, hesabu yako ina kosa, rudi ukapime.

Na usijaze namba kutokana na neno la Kiitaliano. Allegro si namba. Makundi mawili mazuri yanaweza kupiga Allegro ileile kwa tofauti ambayo utaisikia ukiwa barazani.

## Hatua ya 4: Tafuta nyumba

Sikiliza dakika ya mwisho ya sehemu ya kwanza, spika masikioni, ukimfuata sello peke yake. Sauti yake ya mwisho iimbe kwa mdomo uliofungwa, uishike. Sasa itafute kwenye kinanda. Utaikuta fa.

Kisha ithibitishe. Rudi mwanzoni, fidla zinapotetemeka kama majani na viola inapoingia na wimbo, uendelee kuimba ile fa chini yao. Kama ni nyumba kweli, utasikia muziki ukiondoka na kuirudia. Kama si nyumba, itakuwasha kama kokoto kiatuni.

Onyo la kwanza. Usianzie katikati. Katika sehemu hii wimbo wa pili unaingia kwa la meja, mbali kabisa na fa. Ukiweka kidole hapo utaniapia kwamba ufunguo ni la, na kwa dakika hiyo utakuwa sahihi. Muziki wa namna hii husafiri; ufunguo wa sehemu ni kule anakorudi msafiri.

Onyo la pili. Wimbo wa viola wa mwanzoni unatumia noti tano tu. Nyimbo za noti tano haziwashindi watu wa kwetu kuimba, lakini zinashinda programu, kwa sababu noti mbili ambazo zingetofautisha funguo za jirani hazimo. Ndiyo maana nasema msikilize sello, si wimbo.

Umefaulu ukiweza: kusimamisha rekodi popote na bado kuimba noti ya nyumbani bila kinanda.

## Hatua ya 5: Meja au maina

Hapa ndipo wengi wanapokwama, tuende polepole.

Ukiwa na nyumba, panda noti ya tatu. Kutoka fa, jaribu la, kisha la bemoli, huku rekodi ikilia. Moja itakaa, nyingine itakwaruza. Ikikaa la, ni fa meja. Ikikaa la bemoli, ni fa maina. Kwenye sehemu ya kwanza inakaa la.

Nenda Lento ufanye yote upya tangu hatua ya 4. Sello wa mwisho atakupeleka re, na juu ya re inakaa fa, si fa dieze. Ni re maina.

Sasa angalia jambo hili. Fa meja na re maina zinatumia noti zilezile saba, pamoja na si bemoli moja. Ni ndugu wa nyumba moja wenye vyumba tofauti. Programu inayohesabu tu ni noti zipi zimelia mara nyingi inaweza kukuandikia F kwenye sehemu zote mbili, na ndiyo sababu kilio cha Kampemba kiliitwa furaha.

Njia ya kuwatenganisha ni do. Katika re maina, mtunzi anapotaka kurudi nyumbani kwa nguvu, huinua do iwe do dieze, nusu hatua (kitufe kimoja cha jirani kwenye kinanda) chini ya re, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Katika fa meja do hubaki do ya kawaida. Usipoisikia do dieze, usikate tamaa. Besi ya mwisho, ile noti ya chini ya sello, bado ndiyo shahidi mkubwa.

Lakini usihukumu meja au maina kwa rangi ya mlio wa mwisho peke yake. Kwateti ya Joseph Haydn, opus 76 namba 3, ina sehemu ya mwisho inayoanza kwa do maina yenye ghadhabu na kumalizika kwa do meja. Nyumba ni ileile, taa imewashwa. Katika hali hiyo andika vyote viwili: "do maina, humalizika meja".

## Hatua ya 6: Pima kimo cha rekodi yenyewe

Kimo ni jinsi sauti ilivyo juu au chini. Hatua fupi, lakini ukiiruka unaweza kupata ufunguo ambao mtunzi hakuuandika.

Weka programu ya kulinganishia nyuzi mbele ya noti ndefu ya mwisho. Ikiwa juu kwa senti kumi hivi (senti mia ni nusu hatua moja), hakuna shida: wapo wanaolinganisha la kwenye 443 badala ya 440, na tofauti yake ni kama senti 12. Makundi yanayopiga Bach au Vivaldi kwa ala za zamani mara nyingi hushusha la mpaka 415, karibu nusu hatua nzima. Huko fa ya kwenye karatasi italia kama mi ya kinanda chako. Andika: "imeandikwa fa, inalia mi".

Kosa la kweli ni kasi ya sahani au kaseti iliyogeuzwa kuwa faili. Ikienda mbio kwa asilimia sita tu, muziki wote unapanda nusu hatua, na tempo yako nayo inapanda asilimia sita. Sahani ya mizunguko 33 ikipigwa kwa 45 inapanda zaidi ya nusu hatua tano. Fa meja inakuwa si bemoli na sello anakuwa na sauti ya mtoto. Ukiona kimo kiko katikati ya noti mbili, senti 40 au 50, ishuku rekodi kwanza, si masikio yako.

## Hatua ya 7: Hisia, mwisho na si mwanzo

Watu wanaanza hapa kwa sababu panaonekana rahisi. Meja furaha, maina huzuni, kwaheri. Sehemu ya tatu ya kwateti ya pili ya mtunzi Mrusi Borodin, ile Notturno (muziki wa usiku), iko la meja. Sijawahi kusikia mtu akiipigia vigelegele. Ni utulivu wa watu wawili wasio na haja ya kuongea. Sehemu ya pili ya ile kwateti ya Haydn iko sol meja, na waimbaji wengi wa kanisa wanaujua wimbo wake kama sala.

Jiulize maswali mawili kando kando, kila moja kwa alama 1 hadi 5. Kwanza: kuna nguvu kiasi gani? Pili: moyo umefunguka au umefungika? Lento ya Dvořák mimi naipa nguvu 2 na moyo 2. Ghadhabu ya Haydn ni nguvu 5, moyo 1. Notturno ni nguvu 2, moyo 4. Tayari zimetengana, na bado hatujataja neno lolote.

Kisha chagua neno, na usiwe bahili: Kiswahili kimekupa mengi. Huzuni ni pana mno. Majonzi yana machozi. Simanzi imekaa kimya, imeinamisha kichwa. Ukiwa ni nyumba iliyohamwa. Hamu ni kuvutwa na kitu kilicho mbali. Kwenye Lento mimi naandika hamu: fidla inaimba wimbo mrefu juu ya wenzake wanaobembea bila kuchoka, kisha sello anauchukua. Kilio cha mtu aliyeanguka chini hakibembei hivyo.

Kila neno lidai ushahidi wa sauti. Nani anaimba, juu au chini? Upinde umeburuzwa au nyuzi zinadonolewa kwa kidole? Wote wanne wanajaza, au mmoja ameachwa peke yake? Ukiandika "hamu" bila kuonyesha chombo na sekunde, umeandika hali yako ya leo. Vilevile usiilete historia ya mtunzi. Dvořák alikuwa mbali na kwao, ni kweli, lakini mwaka huohuo na kijiji hichohicho ndivyo vilivyotoa sehemu ya mwisho inayokwenda kwa mruko.

Sikiliza asubuhi, sikiliza tena usiku. Neno likibadilika, chukua lile ambalo ushahidi wake bado unausikia.

## Hatua ya 8: Andika kadi, kisha fungua nota

Kadi yangu ya Lento iko hivi:

*Dvořák, opus 96, sehemu ya 2. Hesabu ndogo za sita kwa nane, mwendo wa taratibu, anga ya mahali patatu. Re maina, inalia re. Nguvu 2, hupanda 3 katikati. Hamu, fidla mwanzoni, sello mwishoni. Inaisha kwa sauti ndogo.*

Nafasi ya anga ujaze kwa namba za rekodi yako. Zangu ni za wachezaji wangu.

Sasa fungua nota. Lento utaikuta na bemoli moja mwanzoni mwa mistari, ileile ya sehemu ya kwanza, na utaelewa kwa nini simu ilichanganyikiwa. Kama karatasi inasema ufunguo tofauti na kadi, angalia mambo haya kwa mpangilio: transpozi ya kinanda, kimo cha rekodi, halafu besi ya mwisho. Kwa barua nilizopokea, transpozi ndiyo mshindi.

Yule wa Kampemba nilimshauri achukue Lento peke yake, aikate pale sello anapoingia, aishushe sauti chini ya maneno ya mchungaji. Shangazi mmoja aliuliza tu jina la wimbo.